Maji Yaliyomsubiri Bong-rye

Asubuhi ya tarehe nane ya mwezi wa kwanza, mwaka ule ambao nguzo za umeme zilifika kijiji cha Dakgol na umeme wenyewe ukakawia, chai baridi ya shayiri ilitoka kwenye mdomo wa birika ikiwa uzi mwembamba, ikashuka taratibu, ikajikunja bakulini duara juu ya duara, kama kamba inayokunjwa na mtu asiye na haraka. Pyo Deok-su aliitazama mpaka akachoka. Akavaa soksi ya kwanza. Akavaa ya pili. Bakuli lilikuwa halijafika nusu.

"Shemeji," akasema, "chai ya leo ina uvivu."

"Haina uvivu," akajibu Bong-rye, aliyeshika birika. "Wewe ndiye una haraka, na huna unakokwenda."

Deok-su akainywa kwa kuitafuna kidogo, akaomba asogezewe figili za kuchacha.

Kweli hakuwa na pa kwenda. Karakana ya karatasi ya ukoo wa Pyo ilikuwa imesimama siku ya tatu, na aliyeisimamisha ni yeye mwenyewe.

Karatasi ya Dakgol hutengenezwa kwa magome ya mforsadi yaliyochemshwa na kupondwa, lakini magome bila ute ni uji tu. Ute hutoka kwenye mizizi ya mmea fulani, ndugu yake bamia, wenye maua ya manjano mapana kama sahani. Mizizi hiyo ikipondwa na kulowekwa, maji huanza kuvutika kama mlenda. Hapo ndipo kazi inapoanza. Nyuzi za mforsadi ni ndefu na zina tabia za ndugu: zikiachwa kwenye maji mepesi hushikana, hufanya kambi, huzama pamoja. Na maji mepesi yakiwekwa juu ya chekeche la mianzi hukimbilia chini kabla nyuzi hazijapata pa kukaa, karatasi ikatoka na bonge huku na tundu kule. Ute huyafundisha maji kukawia. Kila tabaka la maji hushika mkono wa shati wa tabaka lililo jirani na kuliambia ngoja kwanza, na katika ngoja hiyo kila uzi hupata mahali pake.

Kwa miaka thelathini na minane mizizi ilikuwa kazi ya Bong-rye. Aliiponda yeye, aliiloweka yeye, na alipima ute kwa kidole: alikichovya, akakiinua, akahesabu pumzi mpaka uzi ukatike. Pumzi saba, ute mzuri. Tano, ongeza mizizi. Mumewe, Jung-sik, ndiye aliyesimama mbele ya hodhi na chekeche mkononi, na muhuri wa karatasi ulikuwa wa jina lake. Jung-sik alipokufa msimu wa majani kupukutika, mdogo wake Deok-su alichukua chekeche na muhuri. Akasema pia kwamba mikono ya mfiwa haifai kugusa hodhi mpaka mwaka mpya wa kalenda ya mwandamo ufike, maana ndivyo walivyofanya wazee. Mizizi akaichukua yeye.

Baridi ya mwaka huo ilipasua mitungi miwili ya kimchi, kabichi ya kuchacha, ya jirani. Deok-su akaionea mizizi huruma. Aliitoa kwenye ghala la kaskazini lisiloingia jua, akailaza chumbani kwake juu ya sakafu inayopashwa moto kutoka chini, akaifunika blanketi, na kila asubuhi aliigusa kwa kiganja kuona kama imepata joto. Ilipata. Alipoiponda, yalitoka maji membamba yasiyo na ushirikiano wowote. Ute ni kitu cha baridi. Ukiupasha, kila tabaka huliachia jirani yake, na kila mtu huenda zake.

Na karatasi zilikuwa zinatakiwa. Karatasi elfu mbili za kitabu cha ukoo wa Pyo, ambacho huandikwa upya kila baada ya miaka thelathini, na ambacho kilipaswa kufunguliwa mbele ya makaburi Siku ya Chakula Baridi, majira ya kuchipua yakianza. Ukoo ambao ni mafundi karatasi kwa vizazi kumi na viwili haukuweza kununua karatasi dukani. Ingekuwa vichekesho hadi bonde la pili.

Basi baada ya chai Bong-rye alifunga kitambaa kichwani, akaingia karakanani. Deok-su alikuwa tayari amechota mara moja, na juu ya chekeche kulikuwa na kitu kama ramani ya visiwa.

"Sogea nitoe hayo mabonge," Bong-rye akasema.

"Mwaka mpya haujafika, shemeji."

"Mwambie basi autengeneze huo ute, huyo mwaka mpya."

Akaingiza mikono hadi viwikoni. Mawimbi aliyoyaacha Deok-su yalifika katikati ya hodhi, yakapunguza mwendo, yakatulia, kama mtu aliyekumbuka kitu njiani. Nyuzi zilizokuwa zimeshikana zikaachana kwa adabu na kuelea kila mmoja kivyake. Bong-rye akainua kidole. Uzi wa maji ukavutika kutoka ncha ya kidole hadi hodhini, naye akaanza kuhesabu pumzi. Alipofika kumi na mbili akachoka.

"Mazito mno," akasema. "Ongeza ndoo mbili."

Deok-su akaongeza. Akachota, akapeleka chekeche mbele, akalilaza kushoto, akalilaza kulia. Maji yalikaa juu ya mianzi kwa muda uliotakiwa, yakashuka, yakaacha karatasi iliyo sawasawa kama uso wa mtu aliyelala.

"Haya, twende kazi," akasema Deok-su, na ni hilo tu lililosemwa siku hiyo juu ya jambo hilo.

Tangu hapo kila kilichomiminika karibu na Bong-rye kilikawia. Alikwenda zahanati kwa ajili ya nyufa za vidole, muuguzi akataka kumpa dawa ya maji, chupa ikainamishwa kwa muda wa wagonjwa wawili kuhudumiwa. Muuguzi akaandika kwenye daftari "mikono imepasuka", akampa mafuta ya mgando. Wanaume wa kijiji wakaomba kwa heshima asipite karibu na kibanda cha pombe ya mchele jioni, kwa kuwa kumimina bakuli moja kulichukua hadithi nzima, na wengi wao walikuwa na hadithi moja tu. Wake zao wakaomba apite kila siku. Mama Chil-bok, jirani yake, ambaye paa lake lilivuja, alimwita kila theluji ilipoyeyuka.

"Kaa hapa pembeni, dada, ule viazi vitamu," alisema. "Wewe ukiwepo tone likianza kushuka nawahi kuleta sufuria, naosha sufuria, halafu ndiyo linafika."

Wanawake walifanya kazi nje ya karakana, wameketi kwenye mkeka, wakitoa taka nyeusi kwenye magome meupe kwa ncha za vidole. Ae-ran, mkaza mwana wa Bong-rye, alikuwa miongoni mwao na mimba ya miezi saba, mumewe akiwa jeshini. Siku moja aliinua kichwa.

"Mama, samahani kwa kukuuliza. Hivi wewe unaitwa nani?"

Mama Chil-bok akacheka mpaka magome yakamtoka mkononi. "Wewe msichana! Miaka miwili unakula wali wake! Si Mama wa Neulmok huyo?"

"Neulmok ni kijiji alichotoka. Nauliza jina."

Bong-rye ilibidi atafute. Shemejiye alimwita shemeji, kijiji kilimwita Mama wa Neulmok, na marehemu mumewe alimwita "Sikia wewe". Mara ya mwisho jina hilo lilitamkwa na mama yake mzazi, langoni, asubuhi ya harusi.

"Noh Bong-rye," akasema.

Lilichukua muda kutoka, kwa vile lilikuwa limekaa baridini siku nyingi.

"Zuri," Ae-ran akasema. "Kitabuni halimo. Nilipeleka chai kwa Mzee Gyu-cheol, nikaona rasimu. Baba mkwe ana jina lake, siku aliyozaliwa, kaburi lake na mlima wa kaburi lake. Wewe umeandikwa 'mke, wa ukoo wa Noh'. Mimi 'mke, wa ukoo wa Ma'."

"Na huyo wa tumboni?" akauliza Mama Chil-bok.

"Akiwa wa kiume anaandikwa. Akiwa wa kike anasubiri, ataandikwa jina la mume wake."

"Mume! Hata meno hana."

Bong-rye aliendelea kutoa taka. Alitoa taka kwenye utepe mzima wa gome, akautazama, ukawa mweupe kabisa, akauweka kwenye ndoo na kusimama. Alitembea moja kwa moja hadi nyumbani kwa Mzee Gyu-cheol, mkuu wa ukoo, aliyekuwa na ndevu za watu watatu na masikio ya nusu mtu.

"Mzee, nataka jina langu liandikwe kitabuni."

"Jina gani?" akauliza mzee, na hakuwa na ubaya. Hakujua.

Akamwambia. Mzee akalijaribu mdomoni.

"Haijawahi kufanyika, mke wa Jung-sik."

"Hata maji hayakuwahi kunywewa na watu wazima kwa kutafunwa. Mwaka huu yameanza."

Mzee Gyu-cheol akazichana ndevu kwa vidole. Elfu mbili zilitakiwa, na zilizokuwa zimekauka ukutani ni mia tatu.

"Maliza karatasi," akasema. "Halafu tutaona."

Bong-rye akarudi na neno hilo, tutaona, akaliweka mahali pazuri.

Kazi ikaenda. Lakini Deok-su, ambaye sasa alikuwa mwangalifu sana wa mambo ya joto, aligundua kwamba baada ya siku ambazo shemeji yake alilala sakafu ikiwa na moto wa kutosha, maji ya hodhini yalikatika kwenye pumzi ya nne. Wazee wakakaa kikao. Wakamjia kwa adabu, kofia mikononi.

"Si kwa ubaya, shemeji," akasema Deok-su. "Lile ghala la kaskazini. Lina rafu nzuri. Na kwa kuwa mizizi haipo, nafasi ipo."

"Rafu ya mizizi."

"Ni pana."

Bong-rye alichukua godoro lake, akahamia kwenye rafu ya mizizi. Mikono yake iliposahau kabisa moto, maji yalifika pumzi ishirini, na Deok-su akachota karatasi sitini kwa siku bila hata moja kutoboka. Bong-rye alianza kukohoa. Kohozi nalo lilikawia kutoka.

Asubuhi ya siku ya tano karatasi arobaini zilitoka na matundu. Deok-su alitoka karakanani na chekeche linalodondosha maji.

"Nani kampasha joto?" akauliza uani, kwa sauti ya mtu anayeuliza nani kaacha lango wazi.

"Mimi," akasema Ae-ran. "Nilimpelekea jiwe la moto kwenye kitambaa."

"Unataka kuharibu kitabu cha ukoo?"

"Nataka mama asife, baba mdogo. Akifa utachovya nini humo, ndevu za mzee?"

Mama Chil-bok, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta kwa bahati tu, alikohoa.

"Acheni," Bong-rye akasema kutoka ghalani. "Wote mna haki. Baridi inatakiwa. Ila hainihitaji mimi mzima."

"Ni mikono!" akasema Ae-ran. "Maji yanataka mikono tu."

Na ndivyo ilivyofanyika. Bong-rye alirudishwa chumbani kwake, sakafu ikachochewa moto, mto wake ukawekwa chini ya dirisha. Ae-ran alitoboa karatasi ya dirisha matundu mawili, akayapigia pindo vizuri ili upepo usiingie, na Bong-rye akalala mwili mzima ndani kwenye joto na mikono miwili nje barazani kwenye theluji. Kikohozi kilikwisha siku ya tatu. Maji yalikaa kwenye pumzi kumi na tisa. Deok-su alilalamika juu ya dirisha, akaambiwa dirisha ni karatasi, na karatasi ipo.

Waliopita asubuhi na mapema waliiamkia mikono. Tarishi alikuwa akiweka barua ndani ya kiganja cha kulia na kupata sahihi ya dole gumba kwa kiganja cha kushoto. Mama Chil-bok aliwahi kuiachia figili chache, akakuta imeshazipanga mstari.

Ae-ran alijifungua mwishoni mwa mwezi wa pili, mtoto wa kike. Bong-rye alimpikia supu ya mwani na kuisimamia mwenyewe, kwa hiyo ilishuka kooni taratibu na kupasha moto kila mahali ilipopita. Mtoto alipoogeshwa mara ya kwanza, bibi yake alimshika kisogo kwa mkono mmoja, maji ya beseni yakamsogelea, yakamshika mgongoni na makalioni, hayakumwacha azame. Bong-rye akaondoa mkono. Mtoto akabaki palepale, nusu ndani nusu nje, akipiga miayo.

"Ameandikwa?" akauliza Ae-ran.

"Tutaona," akajibu Bong-rye. Kisha akatazama beseni. "Wewe muogeshe. Weka mkono wako."

Ae-ran aliweka mkono wake mwenyewe. Maji yakatingishika, yakafikiri, yakamsubiri na yeye.

Karatasi ya elfu mbili ilitolewa ukutani siku kumi na nane kabla ya Siku ya Chakula Baridi. Kitabu kikapigwa chapa, kikashonwa kwa uzi mwekundu, kikabebwa mlimani kwenye kitambaa cha hariri. Siku hiyo hakuna jiko linalowashwa, kwa hiyo ukoo mzima ulisimama mbele ya makaburi na wali wa jana na mikate baridi ya mchele, wanaume mbele, wanawake nyuma. Mzee Gyu-cheol akaanza kusoma kizazi baada ya kizazi. Kurasa zilifunguka vizuri, laini, bila kelele, na wajumbe kutoka mabonde mengine walitikisa vichwa kwa kijicho.

Akafika kizazi cha ishirini na saba. "Pyo Jung-sik, fundi wa karatasi. Kaburi lake mlima huu, likitazama kusini. Mke, wa ukoo wa Noh."

Akavuta pumzi.

"Mama, halimo," Ae-ran akanong'ona.

"Nimesikia." Bong-rye alisogea mbele, wanaume wakampisha bila kujua kwa nini. "Mzee. Ulisema mtaona."

"Tuliona," akasema mzee, na macho yake yalikuwa kwenye kitabu. "Tukaona nafasi haitoshi."

Kati ya mstari ule na uliofuata palikuwa na nafasi ya vidole viwili, nyeupe, isiyo na taka hata moja. Wote waliiona. Mzee Gyu-cheol alilowesha kidole na kufunua ukurasa.

Ukurasa ulinyanyuka, ukasimama wima, ukaanza kushuka upande wa pili kwa mwendo wa asali ya mwezi wa kwanza. Mzee akausukuma. Ulishika. Akausukuma kwa kiganja kizima, nao ukashika kwa nguvu ileile aliyoileta. Deok-su akaja kusaidia, wakausukuma wawili, ukawa kama ukuta.

"Msiuharakishe," Bong-rye akasema. "Kila mkizidisha haraka ndivyo unavyozidi kukataa. Uacheni, utafika."

Wakauacha. Ulikuwa umeinama kiasi cha upana wa kidole. Hapakuwa na la kufanya. Huwezi kusoma kizazi cha ishirini na nane kabla ukurasa wa ishirini na saba haujalala, na huwezi kula kabla hujamaliza kusoma. Watu wakahamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu kwenda ule. Mjumbe mmoja wa bonde la tatu, mzee wa magoti mabovu, akaona bora apitishe muda kwa mazungumzo.

"Huyu wa ukoo wa Noh ni nani hasa?"

"Ni huyu hapa," akasema Deok-su.

"Anaitwaje?"

Wanaume wakatazamana. Deok-su akafungua mdomo, akatoka na "shemeji", akaufunga.

"Noh Bong-rye!" akaita Ae-ran kutoka nyuma, mtoto mgongoni.

"Noh Bong-rye," mjumbe akarudia. "Na alifanya nini?"

Ukurasa ulikuwa bado juu, kwa hiyo akaelezwa. Akaelezwa mizizi na blanketi, chai na soksi, rafu ya ghala, mikono dirishani. Deok-su mwenyewe ndiye aliyeeleza habari ya blanketi, na aliieleza vizuri, kwa kuwa ukurasa ulimpa nafasi ya kutosha. Ulipolala hatimaye, jua lilikuwa limehama kutoka kaburi moja hadi jingine.

Kitabu hakikubadilishwa. Kilijadiliwa, ikaonekana kwamba kitabadilishwa baada ya miaka thelathini, tutaona. Mstari upo hadi leo: mke, wa ukoo wa Noh. Mwaka uliofuata mzee alijaribu kukisoma kuanzia nyuma, ukurasa ukasimama vilevile ukitokea upande mwingine. Watu wakazoea. Wenye magoti mabovu wanakuja na vigoda, na mikate baridi sasa huliwa wakati huo huo wa kusubiri, jambo ambalo wazee wa zamani wasingeliruhusu.

Mjukuu alipofika miaka saba na kujua kusoma, alipenyeza kichwa kati ya miguu ya wanaume, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kwa sauti. "Mke, wa u-koo wa Noh." Ukurasa ukiwa umesimama juu ya kichwa chake kama paa, akawageukia watu wazima.

"Noh nani?"

Ukoo mzima wa Pyo, ukiwa hauna kazi nyingine ya kufanya, ukamjibu kwa pamoja. Jina lilishuka bondeni taratibu, likijikunja duara juu ya duara, na bibi yake, aliyekuwa nyuma na mkate mdomoni, alilisubiri mpaka likafika.

"Niko huku," akasema.